Nasaba Iliyoandikwa Pambizoni: Kuwatafuta Wazee katika Madaftari ya Parokia

Daftari la parokia ni kitabu ambamo kanisa huwaandika waumini wake wanapobatizwa, wanapofunga ndoa na wanapozikwa. Mstari mmoja ni tukio moja: tarehe, jina la mhusika, majina ya wazazi, kijiji, wasimamizi au mashahidi, na sahihi ya aliyeongoza ibada. Kwa familia nyingi za Kenya, hasa za bara, mstari huo ndio maandishi ya kwanza kabisa kumtaja babu au nyanya kwa jina lake. Kabla yake jina lilikaa vinywani mwa wazee tu.

Desturi hii ni kongwe kuliko misheni za Afrika Mashariki. Mwaka 1538 serikali ya Mfalme Henry wa Nane iliamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na maziko. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliwataka maparoko wa Kikatoliki waweke madaftari ya ubatizo na ndoa, na kitabu cha ibada cha Roma cha 1614 kikaeleza kila kitu kiandikwe vipi. Kwa hiyo wamisionari walipofika pwani, daftari lilikuwa sehemu ya mizigo yao. Kanisa la Anglikana lilianzia Rabai mwaka 1846, likajenga Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua Bagamoyo mwaka 1868, wakafika Bura katika Milima ya Taita mwaka 1892 na viunga vya Nairobi mwaka 1899, walipoanzisha misheni ya Mtakatifu Austin. Wakonsolata kutoka Italia walifika Tuthu, Murang'a, mwaka 1902. Wamisionari wa Mill Hill walikuwa Kisumu mwaka 1903 na Mumias mwaka uliofuata.

Miaka hiyo ina uzito kwa sababu serikali ilichelewa kuwahesabu Waafrika mmoja mmoja. Sheria ya kwanza ya kusajili vizazi na vifo katika himaya ya Afrika Mashariki ilitungwa mwaka 1904, nayo ilianza kwa kuwashughulikia Wazungu. Usajili wa lazima kwa Wakenya wote ulienezwa wilaya baada ya wilaya tangu 1963, ukafika nchi nzima mwaka 1971. Kipande, yaani hati ya utambulisho ya kikoloni iliyoanza kutolewa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kiliwahusu wanaume pekee. Mwanamke aliyezaliwa Kiambu au Siaya mwaka 1925 hakuwa na kipande wala cheti cha kuzaliwa. Ikiwa jina lake liliandikwa popote ujanani mwake, yaelekea liliandikwa kanisani.

Kenyatta Market, jijini Nairobi, ni mahali pazuri pa kuuona ukubwa wa jambo hili. Soko hilo liko kati ya mitaa ya Golf Course na Ngummo, karibu na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, na hujulikana kwa nyama choma, wasusi na mafundi wa cherehani. Chini ya paa moja hukutana mchoma nyama wa Murang'a, msusi wa Siaya, fundi wa Machakos na mteja wa Vihiga. Wote ni watu wa Nairobi, lakini nasaba zao hazimo katika madaftari ya Nairobi, maana mji wenyewe ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miongo mingi wafanyakazi walikuja mjini wakiacha familia nyumbani. Wa Murang'a huenda akaishia kwa Wakonsolata au kwa Waanglikana, wa Siaya kwa Mill Hill au kwa Waanglikana wa Maseno, na wa Machakos kwa Africa Inland Mission au kwa mapadre wa Roho Mtakatifu. Misheni za Kiprotestanti ziligawana maeneo ili zisigongane, kwa hiyo anayekijua kijiji cha babu yake anaweza mara nyingi kukisia ni misheni gani iliyomwandika. Ndiyo maana swali la kwanza la mtafutaji ni kijiji na dhehebu. Jina hufuata baadaye.

Kazi huanzia kwa walio hai, kisha hurudi nyuma. Familia ya Kikatoliki kwa kawaida ina kadi ya ubatizo mahali fulani, ndani ya sanduku au kati ya kurasa za Biblia. Kwenye kadi hizo huonekana herufi L.B. zikifuatwa na namba. Ni kifupi cha maneno ya Kilatini yanayomaanisha kitabu cha wabatizwa. Namba hiyo ina thamani kuliko jina, kwa kuwa ndiyo inayomwelekeza karani wa parokia kwenye mstari wenyewe. Asiyekuwa nayo hulazimika kupekua kurasa za miaka mitatu au minne akimtafuta Maria mmoja kati ya Maria mia.

Wengi huishia kwenye mstari wenyewe, na hapo ndipo hupoteza mengi. Katika daftari la Kikatoliki utajiri mkubwa uko pambizoni. Amri ya Roma iliyoanza kutumika wakati wa Pasaka ya 1908 ilitaka kila ndoa iarifiwe kwenye parokia ambako mhusika alibatizwa, ikaandikwe kando ya jina lake, na sheria ya Kanisa inadai hivyo hadi leo. Kipaimara na upadrisho huandikwa hapo hapo. Kwa hiyo mstari wa mtoto aliyebatizwa Nyeri mwaka 1930 unaweza kuwa na maneno machache, kwa wino tofauti na mwandiko tofauti, yakisema kwamba alifunga ndoa miaka ishirini na mitano baadaye katika parokia ya Nairobi, na nani. Njia hiyo huenda pande zote mbili. Anayeanzia mjini na cheti cha ndoa cha wazazi wake atakuta kimetaja parokia walikobatizwa; anayeanzia kijijini na ubatizo wa shangazi aliyepotelea mjini anaweza kuambiwa na pambizo alikokwenda. Kwa familia iliyotawanyika kati ya shamba na jiji, sentensi hiyo moja ya pambizoni huunganisha matawi ambayo wazee wenyewe wameshindwa kuyaunganisha.

Daftari la ndoa ndilo la pili kwa faida, na kwa Waprotestanti mara nyingi ndilo la kwanza. Fomu ya ndoa ya Kikristo iliyoletwa na sheria za kikoloni ina safu za umri, kazi, makazi, jina la baba wa kila upande na kazi ya baba huyo, pamoja na sahihi au alama za maharusi na mashahidi. Mstari mmoja basi hubeba vizazi viwili vya nyumba mbili. Watafiti wa historia ya uchumi wamepata mengi humo. Felix Meier zu Selhausen na wenzake walisoma madaftari ya ndoa ya Kanisa la Anglikana nchini Uganda kuanzia 1895 hadi 2011, wakilinganisha kazi ya bwana harusi na ya baba yake ili kupima jinsi watoto wa wakulima walivyoingia katika kazi za mshahara. Sahihi nayo ilitumika kama kipimo: aliyeandika jina lake alijua kuandika, aliyeweka alama pengine hakujua. Mjukuu anayeiona alama ya msalaba ya nyanya yake kando ya sahihi ya babu yake anasoma historia hiyo hiyo katika nyumba yake mwenyewe.

Kuusoma mstari kunahitaji subira. Mapadre waliandika kwa Kilatini mpaka karibu na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofungwa mwaka 1965. Yohana huonekana kama Joannes, Karoli kama Carolus, Luis kama Ludovicus. Jacobus ni mtego, kwani jina hilo moja husimama mahali pa Yakobo na pa James. Filius ni mwana, filia ni binti, na neno ignotus mahali pa baba lina maana kwamba baba hakujulikana au hakutajwa. Neno hilo halifai kumtia mtu aibu leo. Mara nyingine mama alikuja na mtoto peke yake, na karani akajaza safu kama kanuni ilivyomtaka. Majina ya Kiafrika nayo yaliandikwa kwa sikio la mgeni. Mwitalia, Mskoti na Mholanzi, kila mmoja alilisikia jina kwa lugha yake, kwa hiyo ukoo mmoja unaweza kuwa na tahajia tatu ndani ya kitabu kimoja. Dawa yake ni kulisoma jina kwa sauti na kusikiliza, badala ya kulinganisha herufi.

Umri ni jambo jingine la kutazamwa kwa uangalifu. Tarehe ya ubatizo ni ya kuaminika. Tarehe ya kuzaliwa ya mtu mzima aliyebatizwa ni makadirio ya karani. Kwa Wagĩkũyũ kipimo bora ni riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja, kwa kuwa kila rika lilipewa jina la jambo lililotokea mwaka huo. Mzee anayekumbuka riika la baba yake anaweza kusahihisha kosa la miaka kumi lililomo kwenye karatasi.

Kisha kuna wingi wa majina yanayofanana. Majina mengi ya wanawake wa Kigĩkũyũ hutokana na mabinti wa Mũmbi, mama wa asili wa Wagĩkũyũ, kwa hiyo ukurasa mmoja hujaa Wanjikũ, Wambũi na Wairimũ. Lakini desturi ya kurithi majina, ingawa hutatiza, pia husaidia. Mwana wa kwanza huitwa kwa jina la baba wa baba yake, wa pili kwa jina la baba wa mama yake, na mabinti vivyo hivyo kwa nyanya zao. Mtafutaji akikuta wana wawili na mabinti wawili wa kwanza wa nyumba moja wamepangwa kwa kuzaliwa, tayari ameyapata majina yanayoelekea kuwa ya wazee wanne wa kizazi cha juu, hata kama wazee hao hawakuwahi kukanyaga kanisani.

Mfano ulio wazi zaidi wa mitego hii ni mtu ambaye soko lenyewe limeitwa kwa jina lake. Rais wa kwanza wa Kenya alizaliwa katika miaka ya 1890. Mwaka kamili haujulikani, kwa kuwa hakuna aliyeuandika. Baba yake aliitwa Muigai na mama yake Wambui. Muigai alipofariki, ndugu yake Ngengi alimrithi mjane na kumlea kijana, na ndiyo sababu maandiko humwita Kamau wa Ngengi. Anayejenga mti wa ukoo kwa jina hilo pekee angemweka chini ya baba asiye wake. Kijana huyo aliingia misheni ya Waskoti ya Thogoto, Kikuyu, mwaka 1909, akabatizwa Agosti 1914. Inasimuliwa kwamba alitaka kuitwa John Peter, wamisionari wakamtaka achague jina moja, naye akaunganisha: Johnstone, yaani John na jiwe, ambayo ndiyo maana ya Petro. Jina Kenyatta lilikuja baadaye, na Jomo lilisomwa kwenye jalada la kitabu chake cha 1938. Mtu anayefungua daftari la 1914 akimtafuta Jomo Kenyatta hatamwona. Atamwona akimtafuta Kamau, na akiwa amekwisha kuambiwa na wazee habari za Muigai na Ngengi.

Maisha hayo hayo yanaonyesha kitabu kingine ambacho watafutaji wengi hukisahau: kumbukumbu za baraza la wazee wa kanisa. Mwaka 1920 baraza la Thogoto lilimshughulikia Kamau kuhusu unywaji wa pombe na kuhusu ndoa yake na Grace Wahu, iliyofungwa kwa desturi bila kanisa. Ndoa hiyo ilirasimishwa mbele ya serikali Novemba 1922. Ambako daftari la ubatizo liko kimya, kumbukumbu za wazee hueleza nani alioa nani, nani alitengwa na meza ya Bwana, na nani alirudishwa.

Jina la Kikristo nalo hubadilika mtu anapohama dhehebu. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, alipewa jina la Miriam kwa Waprotestanti, akawa Mary Josephine alipoingia Ukatoliki shuleni, kisha akayaacha yote na kurudia Wangari Muta. Nyumba yenye mtoto wa namna hiyo ina maandishi katika makanisa mawili, na cheti cha kanisa moja hakitalijua jina la jingine.

Ipo pia mianya ambayo hakuna subira inayoweza kuiziba. Kanisa la Marafiki, lililoingia Kaimosi mwaka 1902 na kuenea Vihiga na Kakamega, halibatizi kwa maji. Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, vilevile. Jeshi hilo huandika askari wake na watoto waliowekwa wakfu. Waadventista, walioanzia Gendia mwaka 1906, hubatiza anayekiri imani mwenyewe, hivyo mtoto mchanga hamo. Mwaka 1929 mzozo kuhusu tohara ya wanawake uliwatoa maelfu ya Wagĩkũyũ katika makanisa ya misheni, na waliobatizwa baada ya hapo katika makanisa huru hawamo katika madaftari ya misheni kama Thogoto au Kabete. Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini alikuja mwishoni mwa 1935, akakaa hadi 1937 akiwafunza na kuwabariki makasisi wa makanisa hayo. Familia inayosema kwamba mzee wao alibatizwa na "askofu Mwafrika" wakati huo isipuuzwe.

Upande wa pili wa soko, Kibera, kuna Wanubi, wazao wa askari wa Kiislamu kutoka Sudan waliowekwa hapo mwanzoni mwa karne ya 20. Kwao parokia haina la kusema. Njia yao hupitia kwa makadhi, kwani ndoa za Waislamu zilikuwa na sheria yake ya usajili tangu 1906, na hupitia katika kumbukumbu za kikosi cha King's African Rifles, nyingine zikiwa Hifadhi ya Taifa ya Uingereza huko Kew. Wagoa wa Nairobi, kwa upande wao, huvuka bahari: madaftari ya wazee wao yako Goa, kwa Kireno.

Hospitali iliyo jirani na soko inastahili neno lake. Ilianza mwaka 1901 kama Hospitali ya Wenyeji, ikaitwa King George wa Sita katika miaka ya mwisho ya ukoloni, na jina la Kenyatta likaja na uhuru. Kwa hiyo karatasi inayosema mtoto alizaliwa King George inazungumzia mahali hapa hapa. Mtoto mchanga aliye katika hatari ya kufa anaweza kubatizwa na yeyote, hata muuguzi, na sheria ya Kanisa Katoliki inataka ubatizo huo uarifiwe kwa paroko wa mahali ulipofanyika. Familia inayomtafuta kijijini mtoto aliyefia mjini mara nyingi hutafuta mahali pasipo pake.

Kitabu kisipopatikana parokiani, kuna mahali pengine pa kuuliza. Parokia mama hubaki na madaftari yake hata parokia mpya zinapozaliwa ubavuni mwake, kwa hiyo anayeishi katika parokia iliyoanzishwa mwaka 1985 aulize ilikatwa kutoka wapi. Barua na ripoti za wamisionari wa Kianglikana wa CMS (Church Missionary Society) ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue karibu na Paris. Za Mapadre Weupe, waliohudumu Uganda na Tanganyika, ziko Roma. Huko hakuna madaftari mengi ya ubatizo, lakini kuna shajara zinazosema nani alifika misheni siku gani. Karibu zaidi, Hifadhi ya Taifa ya Kenya katika Moi Avenue, ndani ya jengo lililokuwa la Bank of India, ina majalada ya wilaya. Kwa familia za Kiambu, ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Ardhi ya 1932 na 1933 una thamani ya pekee: mbari zilizodai mashamba yao zilieleza zilivyoyapata na zikawataja wazee wao, wengine wakiwa wameishi muda mrefu kabla ya kanisa lolote.

Huo ndio mpaka wa daftari. Mtu wa kwanza kubatizwa katika ukoo ni kama mlango: nyuma yake kuna jina la baba na pengine la mama, kisha karatasi inakwisha. Kutoka hapo kazi inabaki kwa wazee. Nao wazee wanajibu vizuri zaidi wakiulizwa habari ya mtu mwenye jina, kijiji na mwaka, kuliko wakiulizwa tu "sisi tulitoka wapi". Daftari na mzee wanahitajiana. Mwenye daftari bila mzee atamweka Kamau chini ya Ngengi. Mwenye mzee bila daftari atakosea miaka, na atasahau mabinti waliokwenda kuolewa mbali.

Ofisi ya parokia haina wajibu wa kumfungulia kila mpita njia vitabu vyake. Vina siri za watu walio hai, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeongeza sababu ya uangalifu. Aendaye aandike barua au apige simu kwanza, aeleze uhusiano wake na anayemtafuta, aende siku ya kazi na si Jumapili, na aombe nakala ya mstari wote pamoja na pambizo. Cheti kipya cha ubatizo hakitoshi, kwa sababu mara nyingi huacha kijiji na wasimamizi. Wasimamizi hao wanafaa kuandikwa: katika miaka ya mwanzo walikuwa jirani, mwalimu wa katekisimu au ndugu aliyetangulia kubatizwa, na jina lao hufungua mlango wa nyumba ya pili.

Madaftari ya miaka ya 1900 sasa yana zaidi ya karne moja, na mengi yako kwenye kabati za mbao zinazofikiwa na mchwa na unyevu. Anayepata mstari wa mzee wake aandike nyuma ya nakala jina la parokia, namba ya kitabu, ukurasa na siku aliyoiona, kisha aipeleke nakala ya pili kwa ndugu mwingine. Na parokia ambayo bado haijavipiga picha vitabu vyake vya kwanza ifanye hivyo mwaka huu.